Sauti Iliyobaki Kwenye Simu ya Shabiki

Mwezi Novemba 2024 Tamasha la Amani lilifanyika Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kwa asili ni tamasha la Goma: toleo la kwanza lilifanyika huko Februari 2014, kwenye uwanja wa shule ya Mwanga, baada ya kucheleweshwa na vita. Lilipofika toleo la kumi, ambalo Goma ilikuwa na kila haki ya kulisherehekea nyumbani, vita vikalisogeza tena, safari hii hadi kusini mwa Ziwa Kivu. Wanamuziki wakapanda jukwaani, na simu zikainuliwa juu ya vichwa kama zinavyoinuliwa siku hizi kila gita linapolia. Miezi mitatu baadaye, katikati ya Februari 2025, waasi wa M23 wakaingia Bukavu. Benki zikafungwa, familia nyingi zikahama, mazungumzo ya mji yakawa ya usalama na chakula. Jukwaa lilikwisha kubomolewa zamani. Kilichobaki mikononi mwa watu wa mitaa ya Ibanda, Kadutu na Bagira ni mafaili ndani ya simu: dakika nne za wimbo huu, dakika mbili za ule, sauti ya besi inayokwaruza na jirani anayeimba kwa nguvu kuliko mwimbaji.

Mafaili ya namna hiyo hayana heshima. Msanii huyaona kuwa wizi, mwandaaji huyaona kuwa usumbufu, na hata aliyeyarekodi huyafuta simu inapojaa. Hoja yangu ni kwamba tunayaonea. Rekodi ambayo shabiki ameipiga kwenye onyesho la moja kwa moja ni ushahidi wa jambo ambalo studio haiwezi kulishuhudia, na katika mji kama Bukavu mara nyingi huo ndio ushahidi pekee. Basi badala ya kumfukuza anayerekodi, tumpe masharti, tumfundishe kazi, na tutafute mahali pa kuiweka.

Yupo atakayesema kwamba muziki wa Kongo umerekodiwa kuliko muziki wa nchi nyingi za Afrika. Ni kweli. Studio ya Ngoma ilianza kazi Léopoldville, leo Kinshasa, mwaka 1948, na tangu hapo santuri za nchi hii zimechezwa kutoka Dakar hadi Mombasa. Ila santuri na jukwaa ni vitu viwili tofauti. Santuri ndogo ya 45 ilikuwa na nafasi ya dakika chache tu kila upande, kwa hiyo wimbo ulikatwa: maneno upande A, sebene, yaani sehemu ya gita ya kuchezea, upande B. Ukumbini hapakuwa na upande A wala B. Sebene liliendelea kadiri wachezaji walivyoweza kuvumilia, mpiga solo akabadilisha mzunguko alipoona umati umeanza kuchoka, na wimbo ambao redioni ulikuwa wa dakika sita ukafika dakika ishirini. Mtu anayesoma historia ya muziki huu kwa santuri peke yake anasoma muhtasari ulioandikwa na kiwanda.

Ichukue Zaïko Langa Langa. Ilizaliwa Kinshasa tarehe 24 Desemba 1969, na kama kuna kundi la Kongo linalostahili kutajwa pamoja na bendi za rock za dunia, ni hilo. Vijana wake waliacha tarumbeta na saksofoni za kaka zao, wakatanguliza gita na ngoma. Meridjo Belobi akachapa mdundo wa cavacha uliokuja kuenea Afrika Mashariki nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Zaïko ikaleta jukwaani atalaku, mtu wa kupiga kelele za kuchezesha watu huku akitikisa kayamba lililotengenezwa kwa kopo la dawa ya wadudu. Atalaku ni kiumbe wa jukwaa. Kazi yake ni kusoma ukumbi: nani amekuja, nani ametoa pesa, jina la nani lirushwe sasa hivi, mtindo gani wa kucheza uitwe. Studioni anaweza kuigiza yote hayo, lakini anaigiza mbele ya ukuta. Zaïko ilipoadhimisha miaka 50 katika ukumbi wa Bozar mjini Brussels, Februari 2020, chini ya kiongozi wake Jossart N'Yoka Longo, jambo la kipekee la usiku ule halikuwa nyimbo, maana nyimbo zilikuwa zimejulikana kwa nusu karne. Lilikuwa namna bendi ya miaka 50 ilivyokutana na watu waliokua nayo, ughaibuni. Kukutana huko hakuingii kwenye albamu. Kunaingia kwenye simu ya mtu aliyesimama safu ya kumi.

Kuhusu rekodi rasmi za maonyesho yenyewe, kuna kisa kimoja cha nchi hii ambacho peke yake kingetosha kutufumbua macho. Tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974 Kinshasa ilifanya tamasha lililoitwa Zaïre 74, likiwa limepangwa kwenda sambamba na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Lilisimamiwa na Hugh Masekela na Stewart Levine. James Brown alikuja, B.B. King alikuja, na kwa upande wa nyumbani walikuwapo Franco na T.P.O.K. Jazz, Tabu Ley Rochereau, Abeti Masikini na Stukas. Kulikuwa na kamera nyingi na mitambo ya sauti ya kiwango cha juu kabisa kwa wakati ule. Basi rekodi hizo zilikwenda wapi? Zilifungiwa. Migogoro ya fedha na haki ilizikalia hadi filamu ya *When We Were Kings* ikatoka mwaka 1996, nayo ilihusu ngumi zaidi kuliko muziki. *Soul Power* ikafuata mwaka 2008, ikiwapa Wamarekani nafasi kubwa. Sauti za wasanii wa Kiafrika zilitolewa kwa albamu mwaka 2017. Kufikia hapo Franco alikuwa amekufa tangu 1989, Abeti tangu 1994, Tabu Ley tangu 2013. Miaka 43! Mkongo aliyekuwa uwanjani akiwa na miaka ishirini alikuwa mzee wa miaka sitini na mitatu alipoweza kusikia tena, kwa njia halali, alichokisikia usiku ule. Nakubali kwamba bila mitambo ile tusingepata sauti safi namna hiyo. Ninachosema ni kwamba usafi wa sauti si dhamana ya kufika kwa mwenye nayo.

Bukavu iko mbali zaidi na mitambo ya namna hiyo. Hakuna barabara ya kuaminika kwenda Kinshasa, umeme wa mabwawa ya Ruzizi hukatika, na bendi inayopiga harusini au kwenye uwanja wa shule haina kampuni ya kuirekodi. Wanamuziki wa mashariki wamezoea kutazama mashariki zaidi: Bujumbura, Dar es Salaam, Nairobi. Mwanamuziki Remmy Ongala alizaliwa Kindu, katika Maniema, mwaka 1947, siku ambazo eneo hilo lilikuwa sehemu ya mkoa wa Kivu. Mwaka 1978 alikwenda Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akajenga jina na bendi ya Super Matimila. Tanzania wakati huo mahali pa bendi kurekodi palikuwa hasa Radio Tanzania, na kanda zilibaki za redio. Ongala alifika Ulaya kwa njia nyingine: rafiki yake aliyekuwa akirudi Uingereza alibeba kaseti zake na kuzifikisha kwa watu wa tamasha la WOMAD. Mwaka 1988 kaseti hizo zikazaa albamu ya *Nalilia Mwana*, na bendi ikaalikwa kwenye ziara. Wakala hakuwapo, kampuni haikuwapo. Alikuwapo mtu aliyependa muziki, akautia mfukoni na kuupeleka. Kabla yake, mwaka 1952, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta kijana mmoja akipiga gita mtaani huko Jadotville, leo Likasi, akamrekodi. Kijana huyo ni Mwenda Jean Bosco, na wapiga gita wa Afrika nzima bado wanajifunza vidole vyake kutokana na rekodi hiyo. Mara mbili, basi, historia ya muziki wa Kongo iliokolewa na mtu aliyepita na chombo mkononi. Tofauti ya leo ni kwamba chombo kimefika mkononi mwa kila mtu, na hatulazimiki kumngoja mgeni.

Pingamizi la kwanza linalotolewa ni ubora. Rekodi ya simu ni mbovu, wanasema, na ubovu huo unamwaibisha msanii. Sitabisha kwamba ni mbovu. Nabisha kwamba ubovu unaiondolea thamani. Kati ya mwaka 1901 na 1903, Lionel Mapleson, mtunza maktaba wa jumba la opera la Metropolitan mjini New York, alirekodi maonyesho kwa mashine ndogo ya silinda za nta, akiiweka juu ya jukwaa mahali pasipoonekana. Kila silinda ilibeba dakika mbili au tatu. Sauti iko mbali, imefunikwa na mkwaruzo, na mara nyingine makofi yanasikika kuliko mwimbaji. Pamoja na hayo, silinda hizo ndizo zilizotuachia sauti ya Jean de Reszke, mwimbaji aliyetukuzwa sana na watu wa enzi zake, na leo zinatunzwa kama hazina. Wanaozisikiliza hawatafuti burudani. Wanatafuta kujua mtu yule aliimbaje. Wajukuu wa Bukavu nao watauliza swali hilohilo kuhusu waimbaji wa leo, na jibu lenye mkwaruzo litakuwa bora mara elfu kuliko kukosa jibu. Hata bendi kubwa zimelikiri hilo. Led Zeppelin walipokusanya picha za maonyesho yao ya zamani kwa ajili ya DVD ya mwaka 2003, walitumia pia mikanda iliyopigwa na mashabiki uwanjani. Ni bendi ileile ambayo meneja wake, Peter Grant, alivunja vifaa vya mtu mmoja huko Vancouver mwaka 1971 akidhani anarekodi kwa siri, kumbe ni mtumishi wa serikali aliyekuja kupima ukubwa wa kelele.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la riziki. Mwanamuziki anauliza: nimetoa jasho, nimekodi jenereta, nimelipa wapigaji, halafu mtu anachukua kazi yangu bure? Swali hilo linastahili kujibiwa kwa heshima. Sheria nayo iko upande wake. Sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda kazi ya mtunzi pamoja na haki za anayeitenda jukwaani, na Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 ulikwisha kutamka kwamba mtendaji anaweza kukataa onyesho lake lisirekodiwe bila ridhaa yake, ingawa unaziachia nchi nafasi ya kuruhusu matumizi binafsi. Historia pia inampa sababu ya kuogopa. Mwaka 1969 santuri isiyo na jina la kampuni ilianza kuuzwa Marekani, imejaa nyimbo za Bob Dylan ambazo hakuzitoa mwenyewe, na wauzaji hawakumlipa. Biashara hiyo ilikua ikawa soko zima la wizi.

Ila tazama bendi zilizolikabili jambo hili kwa akili badala ya hasira. Grateful Dead ya California, iliyoanza mwaka 1965 na kupiga maonyesho zaidi ya 2,300, iliona mashabiki wakiingia na mashine za kurekodi kila usiku. Badala ya kuwafukuza, mwaka 1984 iliwatengea sehemu rasmi ya kusimama na maikrofoni zao, nyuma ya meza ya fundi sauti, wasije wakawaziba wengine. Sharti lilikuwa moja: badilishaneni kaseti mpendavyo, lakini msiuze. Mashabiki wenyewe wakawa walinzi wa sharti hilo, maana aliyeuza alitengwa. Kiongozi wa bendi, Jerry Garcia, alikufa mwaka 1995. Mwaka 2015 wenzake waliobaki waliadhimisha miaka 50 kwa maonyesho ya kuaga, na usiku tatu mfululizo uwanja wa Soldier Field wa Chicago ulijaa watu zaidi ya 70,000 kila usiku. Siamini kwamba bendi isiyo na mwimbaji wake kwa miaka ishirini ingeujaza uwanja wa mpira kama rekodi za mashabiki zisingekuwa zimewalea wasikilizaji wapya muda wote huo. Pearl Jam walichukua njia nyingine: katika ziara yao ya mwaka 2000 walirekodi wenyewe na kutoa albamu 72, karibu kila onyesho na albamu yake, kwa bei ndogo na sauti safi. Muuzaji wa magendo akakosa la kuuza.

Mwanamuziki wa Bukavu si Pearl Jam, hilo naliona. Lakini hoja ya riziki ikipimwa kwa hali ya hapa inazidi kulegea. SONECA ilianzishwa mwaka 1969 kukusanya haki za watunzi, SOCODA ikaipokea mwaka 2011, na bado hakuna mpiga gita wa Kadutu anayelipa kodi ya nyumba kwa mrabaha wa rekodi. Anaishi kwa kiingilio, kwa harusi, kwa mialiko, na kwa pesa anazotunzwa jukwaani anaporusha majina ya watu. Yote hayo hutokana na kujulikana, na rekodi ya shabiki inapozunguka kutoka simu hadi simu, kutoka Bukavu hadi Uvira na Bujumbura, ndiyo inayomtangulia huko. Mpaka wa wizi upo palepale Grateful Dead walipouweka, kwenye kuuza. Anayechoma nyimbo za onyesho kwenye kadi za simu na kuzitoza pesa bila kumpa mwenyewe hata senti ni mwizi, na sina neno la kumtetea.

Wapo wanaolalamika kwamba simu zinaharibu onyesho lenyewe, kwamba mtu anatazama kioo badala ya jukwaa na kumziba aliye nyuma yake. Wana haki. Tiba yake ni kupunguza wanaorekodi na kuwaweka mahali pao, kama Grateful Dead walivyofanya mwaka 1984. Watu watano wanaorekodi onyesho zima kwa utulivu wanafaa kuliko mia tano wanaokamata nusu dakika kila mmoja, kwa ajili ya kuiweka kwenye hali ya WhatsApp ifutike baada ya saa ishirini na nne.

Liko jambo jingine, nalo linanigusa kuliko yote hayo: usalama. Kwetu wimbo unaweza kumfunga mtu. Delcat Idinco, aliyeimba juu ya vita na mateso ya watu wa mashariki, alihukumiwa kifungo na mahakama ya kijeshi mwaka 2021, na tarehe 13 Februari 2025 aliuawa kwa risasi Goma, siku mbili tatu kabla Bukavu haijaanguka. Katika nchi kama hiyo, video ya onyesho si muziki peke yake. Ina nyuso za walioimba pamoja na msanii, za waliopiga makofi kwa mstari fulani, za aliyevaa nguo yenye maandishi fulani. Kwa hiyo anayesema tusirekodi hana woga wa bure. Lakini kifo cha Idinco kinathibitisha pia upande wa pili: mtu alinyamazishwa, na nyimbo hazikunyamaza kwa sababu zilikuwa kwa watu. Jibu langu ni kurekodi sauti bila picha pale ambapo picha inaweza kumdhuru mtu, kuelekeza kamera jukwaani na si kwenye umati, na kutosambaza mara moja. Kuhifadhi na kusambaza ni kazi mbili. Rekodi inaweza kulala miaka kumi na isipoteze chochote.

Hapa niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe, kwa sababu rekodi nyingi hupotea kwa kukosa ufundi mdogo tu. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa sauti ya mtu anayezungumza karibu. Ikikutana na besi ya spika kubwa, simu huibana sauti yenyewe ili isipasuke; ndiyo maana kwenye video nyingi mwimbaji huzama kila ngoma inapopigwa, kisha huibuka tena. Anayesimama mbele kabisa, chini ya spika, ndiye anayepata sauti mbaya kuliko wote. Mahali pazuri ni katikati, mbali kidogo, karibu na meza ya fundi sauti, kwa kuwa fundi hupanga sauti kwa masikio yake akiwa pale. Simu iwekwe katika hali ya ndege isije ikakatwa na mtu anayepiga, na kabla ya wimbo wa kwanza anayerekodi aseme kwa mdomo wake tarehe, mahali na jina la bendi, ili maneno hayo yakae ndani ya faili hata jina la faili likibadilishwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na simu za Bukavu zimejaa muziki mzuri ambao hakuna anayejua ni wa nani wala ni wa lini. Faili likitumwa WhatsApp litumwe kama dokumenti. Likitumwa kama video hubanwa, na linapofika kwa mtu wa nne limebaki mifupa.

Na warekodi onyesho zima. Dean Benedetti, mpiga saksofoni aliyempenda gwiji wa jazz Charlie Parker kupita kiasi, alimfuata mwaka 1947 na 1948 katika klabu za Los Angeles na New York na kumrekodi kwa mashine yake. Ili asimalize diski na kanda, aliwasha mashine Parker alipoanza kupiga na kuizima wengine walipoingia. Rekodi zake zilipotolewa rasmi mwaka 1990, miaka mingi baada ya wote wawili kufa, dunia ilifurahi, na papo hapo ikasikia hasara: vipande vya Parker vinavyoning'inia bila wimbo, bila jibu la mpiga kinanda, bila makofi. Kijana anayerekodi sehemu anayoipenda tu, akazima atalaku anapotaja majina ya watu, anafanya kosa hilohilo. Majina yale yatakuwa siku moja ndiyo sehemu yenye habari nyingi kuliko zote: nani alikuwa tajiri mjini mwaka ule, nani alikuwa rafiki wa nani, duka gani lilikuwa linafadhili muziki.

Baada ya kurekodi kuna kutunza, na hapa Bukavu ina elimu iliyoipata kwa uchungu. Mji umebadilisha mikono kwa silaha mwaka 1996, 1998, kwa siku chache mwaka 2004, na tena 2025. Radio Maendeleo, iliyoanzishwa mwaka 1993 na mashirika ya kiraia ya hapa, ilifungwa na waasi wa RCD mwaka 1999. Moto nao hula nyumba za mbao zilizobanana kwenye miteremko ya Kadutu. Mwenye kudhani kwamba kumbukumbu za muziki zikae katika jengo moja lenye kufuli imara hajasoma historia ya mji huu. Usalama wa rekodi ni wingi wa nakala zake, na mashabiki, kwa kule kugawiana kwao bila mpango, tayari wanafanya nusu ya kazi hiyo.

Nusu nyingine inahitaji bendi ikubali kushirikiana. Agosti 2009 mashabiki wapatao hamsini wa Radiohead waligawana kamera ndogo kwenye onyesho la bendi hiyo mjini Prague, kila mmoja akipiga kutoka alipo, kisha wakaziunganisha picha zote. Bendi ilipoombwa, iliwapa sauti safi iliyotoka kwenye mitambo yake, na filamu nzima ikatolewa bure mwaka 2010. Bukavu haihitaji kamera hamsini. Meza nyingi za sauti za siku hizi zina tundu la flash, na fundi akiichomeka kabla ya onyesho, sauti yote inajiandika yenyewe bila gharama yoyote zaidi ya hiyo flash. Kinachokosekana humo, yaani umati, makofi na vicheko, kinapatikana kwenye simu tatu nne zilizorekodi kutoka katikati ya uwanja. Mapigo ya ngoma yanatosha kuzioanisha. Bendi ibaki na nakala moja, nyingine ipelekwe kwenye maktaba ya chuo kikuu hapa mjini, ya tatu ivuke mpaka ikakae kwa mtu wa kuaminika Bujumbura au Dar es Salaam. Bendi ikitaka kuitoa siku moja, ni mali yake na mapato ni yake, na jina la shabiki aliyerekodi liandikwe kwenye jalada pamoja na majina ya wapigaji.